Mifuko ya Popo

11 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Naitikia kabisa, maana shikamoo yako najua utaisahau. Hapa sote wazima. Nasema sote kana kwamba tuko wengi. Ni mimi, cherehani, na Mama Saluni wa chumba cha pili, ambaye tangu anunue redio mpya ana habari za dunia nzima isipokuwa za mteja aliyekaa kitini pake. Juzi kamuunguza mtu sikio. Bati la uani lililokuwa likivuja nimelizibisha. Shangazi amepungua mwili na ameongeza maneno.

Mifuko yako iko tayari, nimeipakia kwenye basi la leo. Kitambaa ni pamba laini kama ulivyotaka, kamba ya mdomoni inateleza vizuri, na mishono yote nimeigeuzia nje. Ndani hakuna hata uzi mmoja wa kunasa kucha. Wateja wananiuliza ni mifuko ya nini, nawaambia ni nguo za kulalia za popo. Mama mmoja aliyekuja kupima sare ya mwanawe aliondoka bila kuaga. Nadhani amekwenda kutafuta fundi asiyeshonea wachawi.

Sasa nikwambie. Sindano imeanza kunikataa. Nalenga tundu, uzi unapita kando. Nikasema ni utu uzima huu, nikaenda kliniki ya macho kutafuta miwani. Daktari akanimulika, akanipulizia upepo machoni kwa kimashine chake. Halafu akaniuliza kama nina ndugu wa tumbo moja. Nikamjibu ninaye, anaishi pangoni. Hakucheka. Amenipa karatasi ya kwenda hospitali kubwa, akasema nisikawie, na nikienda niende na wewe.

Nilipotoka pale nilijikuta natembea nimeshika ukuta. Si kwamba sikuona njia. Nilimkumbuka mama na ile miaka yake ya mwisho, alivyokuwa akizijua kuta za nyumba yetu kwa kiganja.

Ulisema likizo yako ni Aprili. Basi nitakungoja, twende wote. Peke yangu, kusema kweli, naogopa.

Usinitumie ujumbe wa simu. Maandishi yake siku hizi nayaona kama chawa wanatembea. Andika kwa kalamu, na uandike makubwa.

Dada yako


3 Machi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Umeona? Sikusahau.

Mifuko imefika salama. Mkuu wa mradi aliugeuza mmoja ndani nje, akapitisha kidole kwenye mshono, akauliza nimeununua wapi. Nikamwambia haununuliwi, unazaliwa na fundi wake. Ile tuliyokuwa tukiletewa kutoka dukani ilikuwa inafumuka kila wiki.

Ulitaka kujua inavyotumika. Jua likizama tunatandika wavu mwembamba mbele ya pango. Popo akinasa, tunamchomoa polepole, tunamtia kwenye mfuko wako na kuuning'iniza kwenye mizani. Humo ndani hutulia. Popo yule yule aliyekuwa akitafuna glavu yangu, akishaingia mfukoni mwako, kimya. Tunampima mkono, tunamvalisha pete nyepesi yenye namba, tunamwachia. Akirudi mwakani tutamjua.

Na hapa ndipo penye neno, dada. Majike wote wana mimba. Watazaa Aprili, karibu wote kwa mpigo, na mkuu ameniomba nisiondoke. Ni msimu mmoja tu kwa mwaka, ukikupita umekupita. Nimekubali. Likizo nimeisogeza mpaka Juni.

Kuhusu macho, usijitie hofu. Umri umepiga hodi, na wewe umekodolea sindano maisha yako yote. Nenda na Mama Saluni, miwani utapewa. Huyo daktari ndugu wa tumbo moja anamtaka wa nini, anaposa?

Watu husema popo haoni. Si kweli. Ana macho na anayatumia vizuri tu. Ila giza likizidi hupiga kelele nyembamba tusiyoisikia sisi, akasikiliza inavyomrudia, akajua huu ni ukuta, yule ni mdudu. Anaona na anasikia. Kapendelewa mara mbili.

Naomba mifuko mingine, ila hii iwe ya kitambaa cheusi na uzi mweusi. Mama mwenye mtoto hutaka giza zaidi.

Mdogo wako


30 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Ahsante kwa maandishi makubwa. Ukurasa wa pili uliyarudisha madogo, lakini nilifika mwisho.

Nimefurahi kusikia kwamba popo wako wanaona.

Huku kwema. Shangazi amegombana na mwenye duka la pembeni na sasa ananunua sukari mtaa wa tatu, anarudi amechoka na hasira zimepanda. Sare za shule zimekuja nyingi. Nakaa mlangoni kufuata mwanga, na jua likihama nahama nalo mimi na cherehani yangu, mpaka Mama Saluni anasema nimekuwa muuza karanga.

Juni si mbali. Unasema niende na Mama Saluni. Namshukuru, lakini siendi kusikia habari zangu mbele ya mtu ambaye kesho atamsimulia kila anayesukwa. Mambo mengine husikilizwa na damu. Nitakungoja.

Mifuko nimeituma. Kitambaa cheusi na uzi mweusi, kama ulivyotaka. Nimejitahidi. Ukikuta kasoro uniambie.

Halafu, kwa kuwa bingwa wa popo ni wewe: popo mbili zavuka mto. Lifikirie hilo, unijibu.

Dada yako


22 Aprili

Dada,

Shikamoo, na samahani kwa kuchelewa. Wamezaliwa! Wekundu, hawana hata unyoya, wameng'ang'ania ukuta wa pango hadi jiwe halionekani. Mama akienda kuwinda humwacha wake katika lundo hilo. Akirudi huita. Katika vilio vyote vile mtoto wake humjibu, naye humfuata kwa sauti, humnusa kuhakikisha, humkumbatia chini ya bawa. Tumezinasa sauti zao kwa mashine inayozishusha mpaka sisi tuzipate. Nimekaa nazisikiliza siku nzima. Ingekuwa wewe ungesema ni mnada wa mitumba, lakini wao wenyewe hawakosei.

Sasa nina neno, usikasirike. Mifuko hii ya pili si kazi yako. Mishono imeachwa ndani, mingine imepinda, na nyuzi zinaning'inia. Tuliikagua juu juu kwa kukuamini wewe. Mama mmoja, ambaye tulimvalisha pete mwaka jana na tukafurahi kumwona tena, kucha yake ya dole gumba ilinasa kwenye uzi. Akajizungusha, na tulipofungua mfuko utando wa bawa ulikuwa umepasuka mpaka kwenye kiwiko. Popo wa hivyo haruki tena. Amekufa. Mwanawe alikuwa kule ukutani, na kwenye mashine yupo mmoja anayeita na kuita na hajibiwi. Siwezi kuapa kwamba ni yeye, lakini sipendi kuisikia sehemu hiyo.

Umempa mwanafunzi kazi yangu? Kama kazi zimekuzidi ungesema tu. Mkuu amenitazama kwa jicho baya, na mimi ndiye niliyekusifia.

Kuhusu popo zako. Kwanza ni popo wawili, na wamevuka. Wewe uliyenifundisha ngeli kwa fimbo, leo unaandika hivyo? Pili, mto gani? Huko kwetu hakuna mto, labda ule mfereji wa nyuma ya soko. Walikuwa na ukubwa wa njiwa? Basi hao ni wala matunda. Kama walikuwa wadogo na waliruka wakikaribia kugusa maji, walikuwa wanakunywa. Popo hunywa akiwa anaruka. Niandikie saa na upande walikotokea.

Miwani umeshaipata?

Mdogo wako


2 Juni

Dada,

Shikamoo. Mei nzima imepita bila barua yako, na si kawaida yako. Umenikasirikia kwa ajili ya mifuko. Haki yako, niliandika nikiwa na uchungu. Sasa tunatumia foronya za mito, tumezigeuza nje ndani, na popo wanazitoroka.

Watoto wameanza kuruka. Wanajirusha, wanagonga mwamba, wanaanguka, tunawaokota na kuwarudisha. Mkuu anataka tuwahesabu wote waliofaulu kabla hawajahama pango, kwa hiyo Juni haitawezekana. Agosti, bila kukosa. Mapango yatakuwa matupu na mimi nitakuwa mtu huru.

Niandikie hata mistari miwili. Hata ya kunitukana.

Mdogo wako


19 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimechelewa, unisamehe. Naandika kwa ile kalamu nene ya kuandikia mabango, ndiyo maana karatasi inaisha upesi na mistari inateremka.

Sikukasirika. Mwanafunzi sina. Mishono ile ni yangu, mikono ni yangu na mguu kwenye pedali ulikuwa wangu.

Huyo popo nimemlilia. Na zaidi mwanawe. Nilipofika mahali uliposema anaita, niliiweka barua chini nikaenda kukaa uani.

Usiniagizie tena. Mwambie mkuu wako atafute fundi mwingine, na fundi huyo aambiwe mishono igeuzwe nje.

Mto gani, unaniuliza. Mto tu. Kila mtu anao.

Agosti ni sawa.

Dada yako


5 Agosti

Kaka,

Usishtuke kuona mwandiko mgeni. Mimi ni Mama Saluni. Dada yako amekaa hapa mbele yangu, anasema na mimi naandika, na ameniapisha nisitie chumvi. Chumvi sitii. Pilipili kidogo lazima.

Anasema: Mdogo wangu, marahaba. Huku si kubaya sana.

(Ni kubaya. Wiki mbili zilizopita sindano ya cherehani ilimpita kidoleni, na yeye akaendelea kukanyaga pedali. Damu ilikuwa kwenye sare nyeupe ya mtoto wa watu na hakuiona. Nilifunga saluni, mteja ana dawa kichwani, nikamburuta mpaka hospitali kubwa. Hakutaka. Alisema anakungoja wewe.)

Anasema: jicho la kushoto limekwenda. La kulia linaona mlango, linaona dirisha, halioni uzi. Wanaiita presha ya macho. Haiumi wala haipigi hodi. Inaanzia pembeni, inakula taratibu kuja katikati, na ilichokula hairudishi. Ndiyo iliyomchukulia mama macho. Sisi tulisema ni uzee.

Daktari kaitazama ile karatasi ya Februari, kisha akanitazama mimi. Kasema kama ningewahi, dawa ya matone ingelinda nilichokuwa nacho wakati ule. Sasa natiwa matone ya kulinda mlango na dirisha.

Na sikiliza. Inatembea kwenye damu. Ndiyo maana yule wa kliniki aliuliza kama nina ndugu wa tumbo moja, alitaka na wewe upimwe. Hakuwa anaposa. Nenda kapimwe leo, usingoje likizo ya mtu. Ningekuambia mapema kama ningejua. Na ningejua kama ningekwenda. Hilo ni langu, silitupi kwako. Ningeweza kwenda na huyu huyu anayeandika.

(Mimi siri natunza. Watu wananionea tu.)

Cherehani nimemwazima binti wa jirani. Bado nakaa mlangoni, kwa mazoea.

Kitu cha mwisho. Nilikutegea tangu Machi, hujategua. Umeshindwa. Nipe mji.

(Kaka, hapo sijaelewa, ila kasema niandike hivyo hivyo, kisha akajifunika uso kwa kanga. Njoo.)


18 Agosti

Dada yangu,

Shikamoo. Shikamoo tena, kwa zile zote nilizoziandika huku akili iko pangoni.

Nimepimwa. Niliposoma barua yako nilishuka mjini siku hiyo hiyo. Wakanipulizia upepo kama wewe, wakanipima tena ili wahakikishe. Macho yangu ni mazima. Daktari alinipa mkono kunipongeza, nami niliona aibu kuupokea.

Sijui nikuambie sikuelewa, au nikuambie sikutaka kuelewa. Ulipoandika umeshika ukuta kama mama, nilikuelewa. Nilijua unachosema, nikageuza ukurasa, nikakuandikia habari za popo. Nilijiambia ni miwani. Nilitaka iwe miwani. Mimi ndiye niliyekuwa nikimshika mama mkono kumpeleka chooni, wewe ukiwa kwenye cherehani, na sikutaka tena kuukumbuka mkono ule unavyopapasa hewani. Basi nikakuachia wewe hofu yote, mimi nikabaki na msimu wa kuzaa.

Mifuko ile bado ninayo. Nimeketi nayo mezani, mezani pale pale penye mizani na pete, nikaigeuza mmoja mmoja. Sasa naona kila kitu. Naona mshono unaanza sawa, unafika katikati, unapotea, unarudi. Naona mahali ulipofumua na kurudia. Umerudia mara nyingi, dada. Kitambaa kimetoboka kwa kufumuliwa. Kitambaa cheusi na uzi mweusi, na mimi ndiye niliyeagiza. Kazi yangu ni kumtazama kiumbe mdogo gizani na kutambua anaumwa wapi. Nikaushika mfuko huo mkononi nikaona uzembe.

Na kitendawili. Mama alikuwa akitutegea hicho tukiwa tunasubiri chakula, ndicho cha kwanza nilichokijua maishani, kabla sijajua popo ni nini. Mtoto yeyote anakitegua kwa neno moja. Ukanitegea mimi, mtu pekee duniani uliyecheza naye mchezo huo, nikakujibu ukurasa mzima: mto gani, saa ngapi, wakubwa kama njiwa? Nikakusahihisha na ngeli.

Mkataba wangu ulikuwa uendelee msimu ujao. Nimemwambia mkuu atafute mtu mwingine. Alinikumbusha msimu ukikupita umekupita. Nikamwambia nalijua hilo, ni maneno yangu.

Nimeshindwa. Nakupa mji: huu hapa ninaokaa, na nyumba yake ya mbao, na pango lake, na popo wote wenye pete. Chukua, utawale.

Na jibu nalitoa, ingawa aliyeshindwa haruhusiwi. Ni macho, dada. Ni macho.

Mdogo wako


2 Septemba

Mdogo wangu,

Marahaba. Anaandika yule yule, na leo nimemkataza mabano.

Barua yako amenisomea mlangoni. Alipofika kwenye mifuko alisimama, akaenda kunywa maji. Akarudi na macho yameiva, nimemjua kwa sauti. Haya ndiyo maarifa yangu mapya.

Njoo, nimekutandikia chumba cha mama. Usipangue vitu, nimeshajua kila kiti kilipo. Uje na ile mifuko myeusi yote, usiitupe. Mikono ya binti wa jirani itaifumua na kuishona upya huku mimi nikipapasa na kumwambia alipokosea. Wiki ya kwanza usinisimulie habari za popo. Ya pili, nisimulie. Nataka kujua yule mtoto aliyekuwa akiita kama aliwahi kuchukuliwa na mama mwingine, hata kama jibu lenyewe silipendi.

Macho yako kuwa mazima nimemshukuru Mungu kwa sauti, mpaka mteja wa saluni akasema amina. Usiyaonee aibu. Yatumie tu, na uanzie nyumbani.

Mji nakurudishia. Mimi na mji wenye mapango tutafanyiana nini? Sikutaka mji, mdogo wangu. Nilitaka jibu tu, mwezi wa nne, wakati bado ningeweza kulisoma mwenyewe.

Dada yako